Shoga, Wewe Mwenyewe Umeijaribu?

Nyumba niliyokulia Ngamiani, Tanga, ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna uani. Wanaume walikaa barazani mbele wakizungumza mpira na siasa. Sisi tulikuwa uani. Saa kumi alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, mkeka ulitandikwa penye kivuli cha ukuta wa jikoni. Anayesukwa alikaa katikati ya magoti ya msusi, mwenye mchele aliuchambua, mwenye mtoto alinyonyesha, na maneno yakaanza. Uso wangu umejaa vipele, nifanyeje? Mume wangu kanuna siku ya tatu. Ukuta wa chumbani unamenyeka kama kichwa chenye mba. Kila swali lilipata majibu manne kabla muulizaji hajamaliza kuuliza.

Watu wenye elimu zao huyacheka mazungumzo hayo. Mimi sithubutu. Mwanamke mwenye wanawe watatu na kibanda cha kuuza vitumbua hawezi kwenda kwa daktari wa ngozi kwa ajili ya vipele, wala hawezi kumwita mhandisi aje atazame ukuta. Atamwuliza shoga yake. Dar es Salaam watamwita shosti, Nairobi watamwita beste, lakini mtu ni yule yule: wa kuulizwa mambo ambayo ni madogo mno kwa hospitali na makubwa mno kuyalalia peke yako. Nimepata mengi mazuri kwenye mkeka ule. Nimepata pia mabaya mawili matatu, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala hii.

Nianze na la uso. Zilipobaki wiki nne kabla ya harusi ya binamu yetu, shoga yangu mmoja aliletewa kopo la krimu na rafiki wa kazini kwake. Kopo halikuwa na karatasi wala jina. Aliambiwa tu kwamba ni ya kung'arisha bibi harusi na wapambe, apake usiku, asubuhi anawe. Wiki ya tatu alikuwa anawaka kweli, tukamsifu sote, nami nikiwemo. Lakini vifundo vya vidole vyake vilibaki vyeusi, na masikio pia. Harusi ilipopita akaacha kupaka. Siku ya nne uso ulimwiva, ukawa mwekundu na kuwasha kiasi kwamba hata maji ya bomba yalimchoma. Alimrudia yule rafiki kumwuliza. Jibu alilopewa ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuipaka, ila amesikia kwa watu kwamba ni nzuri.

Hapo pana kisa kizima. Mkorogo, kama tunavyouita, mara nyingi huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Zebaki haikai usoni tu, huingia mwilini ikaziumiza figo na mishipa ya fahamu. Hushika kwenye taulo na mito, na mtoto anayelala kifuani mwa mama yake huipata bila kupakwa chochote. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha madoa ya rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, madoa magumu kuondoka. Cha tatu ni steroidi, zile dawa kali za ukurutu ambazo daktari huandika zitumike siku chache, sehemu ndogo. Zikipakwa uso mzima miezi na miezi, ngozi hukonda kama karatasi ya sambusa, chunusi huchipuka, michirizi hutokea, na ukiziacha ghafla uso hulipuka kama ulivyomlipuka shoga yangu. Ndiyo maana anayetaka kuacha aende kwa daktari amsaidie kuacha.

Dunia imekwishalitazama jambo hili. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliumia na kufa kwa kula samaki wenye zebaki, ulianza kutumika mwaka 2017. Ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Mwaka 2023, kwenye mkutano wa Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata kiwango hicho, na mwisho ukawekwa kuwa 2025. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Sheria zipo. Lakini kopo lisilo na jina halipiti kwenye sheria. Hupita mkono kwa mkono, kutoka kwa rafiki kwenda kwa rafiki, na mlango huo hakuna mkaguzi anayeusimamia isipokuwa mimi na wewe.

Basi mtu akikuletea kopo, tazama vitu viwili vitatu. Kama halina orodha ya vilivyomo, lirudishe. Kama limeandikwa mercury, calomel au hydroquinone, lirudishe. Kuna na dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: kopo likikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu, fedha au vito, shuku zebaki hapo hapo, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo na kuyaharibu. Kitu kinachoharibu pete yako, mashavu yako yatakiweza vipi?

Bibi yangu alikuwa na jiwe la liwa, zito, lililochimbika katikati kama sahani kwa kusagiwa miaka mingi. Alidondosha maji ya waridi, akasugua kijiti cha msandali polepole mpaka ukapatikana uji mzito wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Tulikuwa wajukuu saba na wote tulitaka kupakwa. Lakini hakumpaka mtu usoni siku ya kwanza. Alikushika mkono, akaugeuza, akakupaka tone moja ndani ya kiwiko, akasema, "Nenda kacheze, kesho niletee mkono wangu." Kesho yake alikutafuta mwenyewe. Mkono ukiwa umewasha au kuvimba, hukupata liwa. Bibi hakusoma hata darasa moja la shule ya serikali, lakini jaribio hilo ndilo wataalamu wa ngozi wanalolihimiza leo kwa kila kipodozi kipya, na wao husema usubiri siku moja au mbili. Maneno yale, niletee mkono wangu, sijayasahau. Aliukopesha ushauri wake, na kesho aliudai.

La nywele nitalisema kwa ufupi kwa kuwa kila mwenye kichwa analijua. "Vumilia, nywele ikiuma ndiyo inakaa." Wengine hushauri umeze panadol kabla ya kukaa kusukwa. Huo ni ushauri mbaya unaosemwa kwa upendo. Nywele inayovutwa hadi vijipele vikaota kwenye mstari wa paji la uso inang'olewa kidogo kidogo kutoka shinani. Ukiwahi kulegeza, itarudi. Ukiendelea miaka, shimo lake hufanya kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi wala ya mchaichai yatakayoirudisha. Msusi wetu wa uani alikuwa na desturi nzuri: akimaliza mistari mitatu alikuambia ukunje uso na uinue nyusi. Zikikataa kupanda, alifumua akaanza upya, hata kama magharibi inaingia.

Sasa la moyo, ambalo ndilo zito.

Shoga yetu mwingine alijifungua mtoto wa kike, wa pili kwake. Arobaini yake ilianza kama ilivyo desturi: maji moto ya kukandwa, uji wa pilipili manga, supu, watu kuingia na kutoka. Siku za mwanzo alilia lia, wakubwa wakasema ni kawaida, na kweli ni kawaida. Wazazi wengi hulemewa na majonzi siku chache baada ya kujifungua, na kwa wengi hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Yeye siku ya ishirini alikuwa bado. Halali hata mtoto akilala. Mtoto akilia, anamtazama kama mtoto wa mtu mwingine. Kila aliyeingia alikuja na lake. Kaza moyo. Msomee mtoto, kuna jicho hapa. Mbona una mume mzuri, wengine hata hao hawana. Hakuna aliyesema kwa ubaya, na kila neno lilimsogeza shoga yetu karibu zaidi na ukuta aliokuwa amegeuzia uso.

Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja jirani ambaye kwa kawaida husema machache. Alikaa kitandani pembeni yake, akawaomba wengine watoke, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimempakata mtoto, nilibaki nikasikia. Alisema, "Mimi nilipomzaa wa tatu nilitaka kumwacha kituo cha basi. Sijamwambia mtu. Wewe wataka nini?" Shoga yetu akalia kilio ambacho hakikufanana na vile vya mwanzo, kisha akasema alilokuwa akiliwaza, na sitaliandika hapa. Yule mama hakushtuka, hakumkemea. Alisema, "Hili mimi siliwezi. Lakini najua wanaoliweza. Kesho saa mbili nakuja tunaenda wote."

Na saa mbili alikuja. Alimsindikiza kliniki, akakaa naye kwenye benchi, akamsindikiza tena na tena. Mchana alikuja kufua nepi na kumchukua mtoto kwa saa mbili tatu ili mama alale. Waliambiwa ni sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaotibika kwa ushauri nasaha na dawa, zikiwemo ambazo mama anaweza kutumia huku ananyonyesha. Binti yule sasa yuko darasa la kwanza.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma habari za Zimbabwe nikamkumbuka mama yule. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa huko, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imeshauriwa imlete hospitali lakini haikuwa na dola 15 za nauli. Chibanda akaona kwamba kumngoja mgonjwa hospitali ni kumwacha afe. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, Harare, alianza kazi na watu pekee aliopewa: bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii. Madaktari walitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakakataa, wakasema hakuna atakayekubali kuonekana amekaa juu ya jina hilo. Wakaliita benchi la urafiki, na kwa Kishona jina lake lina maana ya kiti cha kupeana mawazo.

Kishona kina neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na bibi wale walilitumia badala ya majina ya kitabibu. Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Mtu akituambia ana mawazo, tunajua hajaja kutueleza fikra zake. Amechoka.

Wanavyofanya ni hivi. Bibi hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao uwanjani mwa zahanati, na kwanza humsikiliza. Matatizo yote hutajwa. Kisha mgonjwa, si bibi, huchagua moja la kuanza nalo, wakatafuta hatua ndogo anayoweza kuifanya wiki hiyo. Akirudi, huulizwa imekuwaje. Hukutana hivyo mara sita. Utafiti uliofanyika kwenye zahanati 24 za Harare kwa watu 573, ukachapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umefika Malawi, Zanzibar na hata New York. Na waliomaliza vikao huingia kwenye kundi la wenzao, wakakaa duara wakifuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika, huku wanazungumza. Niliposoma hapo niliuona mkeka wetu. Mikono ina kazi, macho yako kwenye kazi, na kwa sababu hakuna anayekukodolea, neno gumu linatoka.

Tofauti ya benchi lile na mkeka wetu ni mbili, na si kwamba wao wana elimu kutuzidi. Bibi wale wamefundishwa kunyamaza kwanza. Na wamefundishwa kutambua lile wasiloliweza na kulipeleka mbele. Mkekani kwetu kunyamaza huonekana ni kukosa la kusema, na kusema "silijui" huonekana ni aibu. Kwa aibu hiyo watu wanaungua nyuso, na wengine wanakufa.

Turudi nyumbani, kwenye ule ukuta. Mwaka juzi ndugu tuliamua kuikarabati nyumba ya Ngamiani. Chumba cha bibi kilikuwa na unyevu kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, na unga mweupe wa chumvi umetoka kama ukoko. Shoga yangu aliyejenga hivi karibuni alinishauri kwa uhakika: kwangua, piga plasta ya saruji nzito, kisha rangi ya mafuta, utasahau. Nikafanya. Kikapendeza kweli. Baada ya masika moja rangi ilifura kama ngozi iliyoungua na maji moto, na unyevu ukawa umepanda mpaka usawa wa dirisha.

Nikaletewa fundi mzee, mwashi wa chokaa. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba kwa nje kwanza, akatazama paa linamwaga wapi, akachutama penye msingi, akakwaruza udongo kwa kidole. Ndipo akaingia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama debe tupu. Akasema, "Mmeiziba pumzi."

Alinieleza nami nikaelewa. Nyumba ya shoga yangu ni ya matofali ya saruji, na chini ya ukuta wake fundi aliweka nailoni ya kuzuia maji ya ardhini. Yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukuta kama huo hunywa maji kutoka chini na kuyatoa kwa mvuke kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo ikiganda nyuma ya rangi huisukuma mpaka ipasuke. Tukabandua saruji yote. Tukatengeneza mfereji ili maji ya paa yaende mbali na msingi. Ukuta ukaachwa wazi miezi ukauke, ndipo ukapigwa chokaa na mchanga, na juu yake chokaa nyeupe ya kupaka. Kazi ya chokaa haitaki haraka, na anayeishika afunike macho na mikono kwa sababu huunguza.

Shoga aliyenishauri saruji hakuwa mwongo. Alinipa kilichofaa kwake, akasahau kuniuliza nyumba yangu imejengwa kwa kitu gani, nami nikasahau kumwuliza yake. Siku ya kubandua alikuja mwenyewe na patasi na nyundo, akabandua ukuta mzima wa kaskazini. Urafiki wetu ulikua siku ile kuliko siku zote ambazo ushauri wake ulikuwa sahihi.

Na moja la haraka, kwa kuwa nalisikia kila mwezi: usichanganye jiki na siki, wala na ile dawa kali ya kusugulia choo, eti choo kitakate zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chooni ambako dirisha ni dogo inaweza kukuumiza mapafu. Ukishachanganya kwa bahati mbaya, toka nje, acha mlango wazi.

Mkeka wetu siku hizi hutandikwa mara chache. Wengi tuko Dar, ushauri unapita kwenye simu, na jibu linafika kabla chai haijapoa. Nafurahi kuwasikia. Lakini kwenye simu ni rahisi kushauri ukapotea. Hakuna anayekutafuta kesho aone kiwiko chako kimeamkaje. Kwa hiyo nimejiwekea kawaida, na nakuomba ndugu msomaji uijaribu wikendi hii. Mfikirie mtu mmoja uliyemshauri mwezi uliopita, iwe ni krimu, dawa ya nywele, rangi ya ukuta au namna ya kuishi na huzuni yake. Mpigie. Usimshauri tena. Mwulize imekuwaje, kisha nyamaza umsikilize.